Mtaa Usiotembelewa

Hadithi hii haikutokea zamani sana, wala haikutokea jana. Ilitokea hapo katikati, wakati ambao watu hawapendi kuukumbuka. Mwenye sikio alitege, na mwenye usingizi alale. Ikifika mwisho tutamwamsha.

Alikuwapo mama mmoja mtu mzima aliyeitwa Nyamizi. Alikuwa mjane, akiishi ukingoni mwa msitu wa miombo katika nyumba iliyokuwa na vyumba vingi kuliko watu. Watoto wake walikwenda mjini mmoja mmoja, kama kuku wanaotoka bandani asubuhi, ila hawa jioni hawakurudi. Alipoamka aliwasalimu kuku wake, kisha akajiitikia mwenyewe. Ndugu aliyebaki hai alikuwa mdogo wake tu, Kalunde, aliyeolewa katika nchi ya mbali iitwayo Yakini. Zamani Kalunde alituma salamu kwa kila mpita njia. Kisha mumewe akafariki, salamu zikawa chache, halafu zikakatika kabisa, kama mvua inapoaga.

Nyamizi akangoja. Alipochoka kungoja akamwachia jirani kuku, akajaza kiroba michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani ambavyo Kalunde alivipenda tangu utotoni, akafunga mlango. Alitaka jambo moja tu: kukaa na mdogo wake. Na kama Kalunde angekubali, arudi naye nyumbani, wazeeke pamoja.

Safari yenyewe tusiiseme. Njia ni njia. Miguu iliuma, ikapoa.

Kwenye lango la Yakini alimkuta mwanamke mnene mwenye uso mwema, jina lake Bi Tunu, ndiye bawabu.

"Shikamoo, mama," Bi Tunu akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, nikijilinganisha na jana. Umekuja kwa shughuli gani?"

"Kumtembelea mdogo wangu. Yuko peke yake."

"Kumtembelea ili iweje?"

"Ili nimwone."

"Na ukishamwona?"

"Nikae naye."

"Na ukikaa naye yeye atapata nini?"

Katika umri wake wote Nyamizi hakuwahi kuulizwa swali hilo. Akacheka kidogo, akidhani ni utani wa huko. "Mwanangu, kwetu tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Hata sisi tunayo hiyo," Bi Tunu akasema. "Iko kifungoni."

"Methali imefungwa?"

"Zote, mama. Kuna nyumba yao pale nyuma ya Baraza. Hazipigwi wala hazilali njaa, zinasubiri kupimwa tu. *Haba na haba hujaza kibaba* imeshatolewa. Ilionekana ni kweli, ila kibaba kisiwe na tundu. *Haraka haraka haina baraka* bado imo ndani, maana wanaoipima hawataki kufanya haraka."

Alisema hayo bila kutabasamu. Kisha akapokea kile kiroba kwa mikono miwili, kwa heshima, akasema hakiwezi kuingia mjini. Zawadi hubadilisha mtu, akaeleza, na mtu akishabadilika bila mpango, hakuna ajuaye tena kilichombadilisha. Nyamizi alihuzunika. Lakini siku zilizofuata, kila alipopita langoni, aliiona michembe yake imeanikwa mkekani, na Bi Tunu akiigeuzageuza isiote ukungu. Hakuna aliyemwagiza.

Sasa ni haki kueleza watu wale walivyofika hapo, maana hawakuwa wabaya, wala hawakuwa wajinga. Zamani Yakini ilitawaliwa na watu wa kukisia. Mkubwa mmoja alikisia kwamba mbuzi wataleta neema, akagawa mbuzi kila nyumba, mbuzi wakamaliza mihogo yote. Mwingine akakisia kwamba maji yako mlimani, akachimbisha visima mlimani, mpaka leo popo wanalala humo. Kila aliyekisia alipigiwa vigelegele, na aliyeuliza aliitwa mchawi. Watu walipochoka wakaapa kwamba katika nchi yao halitafanyika jambo lolote, hata jema, mpaka lilinganishwe.

Kulinganisha kwenyewe kulikuwa hivi. Likizuka wazo, watu huchukua mitaa miwili inayofanana. Huwekwa kokoto nyeupe na nyeusi ndani ya chungu, na mtu wa kila mtaa hutumbukiza mkono bila kutazama. Mtaa wa kokoto nyeupe hutendewa lile jambo. Mtaa wa kokoto nyeusi hautendewi, bali hutazamwa, ili tofauti ionekane. Ndiyo maana mgeni akitembea Yakini huona upande huu wa barabara una miti ya kivuli na upande wa pili watu wanakaa juani, wakiwaangalia wenzao kwa subira. Na wakiulizwa husema bila kinyongo, "Sisi ndio tunaoonyesha tofauti."

Wala hawakuwa wamefanikiwa kidogo. Visima vyao vilikuwa na maji. Watoto wao walikuwa na macho mang'avu na matumbo ya kawaida. Nyamizi alikumbuka mashine ya kusaga kijijini kwao, iliyoletwa na mheshimiwa mmoja kwa ngoma na hotuba, mpaka leo inaliwa na kutu, akakiri moyoni kwamba hawa wana akili.

Bi Tunu alimpeleka kwa mkuu wa kulinganisha, Profesa Rehani. Alikuwa mtu mrefu, aliyevaa kanzu safi iliyopungukiwa kifungo kimoja, jambo lililomwambia Nyamizi kwamba huyu hana mtu wa kumtazama anapotoka asubuhi. Chumbani mwake mlikuwa na kiti kimoja. Profesa alimkalisha Nyamizi kwenye kiti hicho, yeye akabaki amesimama muda wote wa mazungumzo, na Nyamizi hakulisahau hilo.

"Mama," Profesa alisema, "mdogo wako yumo katika kazi kubwa kuliko zote tulizowahi kufanya. Tunataka kujua kama mtu mpweke akitembelewa, upweke wake unapungua."

Nyamizi alimtazama. "Na hamjui?"

"Tunahisi. Kuhisi si kujua. Mtaa mmoja wa wajane na wazee umepata kokoto nyeupe. Hao hutembelewa. Tumefunza watembeleaji, wanakaa kigodani, wanasema maneno yaleyale kwa kila mtu, kisha wanaaga. Mtaa wa Kalunde umepata nyeusi. Huko haendi mgeni. Anakwenda muulizaji tu, anasimama mlangoni, anauliza kama wiki hii wamejisikia wapweke kabisa, kiasi, kidogo au hapana. Akijibiwa anaondoka."

"Anaambiwa mtu ni mpweke, naye anaondoka?"

"Akibaki, atakuwa amemtembelea."

Nyamizi alitazama dirishani. Nje palikuwa na njiwa wawili juu ya paa, wanaitana. "Na nani aliitoa kokoto ya mtaa ule?"

"Mdogo wako mwenyewe, kwa mkono wake."

"Baba, mimi nimetoka mbali. Niruhusu nikakae naye kidogo tu."

Uso wa Profesa ulionyesha uchungu wa kweli. "Nikikuruhusu, mtaa mzima utakuwa hauna maana. Wote wale watakuwa wamekaa peke yao bure. Subiri Baraza likutane, majibu yatolewe." Akafikiri, akatafuta namna ya kumsaidia kama mtu anayetafuta sarafu mfukoni. "Lakini kupita si kutembelea. Kupita hakujapimwa, kwa hiyo hakujakatazwa. Unaweza kupita mtaani kwake. Usisimame tu."

Basi kesho yake Nyamizi akaenda kupita.

Mtaa ulikuwa safi, mnyoofu na kimya. Kila mlango ulikuwa na mtu mzima mmoja amekaa kizingitini, amefumbata mikono, anatazama mbele. Wao kwa wao nao walikuwa wamekatazwa kutembeleana. Mwanzoni mwa mtaa alisimama mlinzi wa kuangalia mtu asisimame. Nyamizi akatembea polepole kama mwenye mzigo wa maji kichwani, akamwona Kalunde nje ya nyumba ya mwisho kabla ya ukuta uliobomoka, anachambua mchicha.

"Kalunde."

Mikono ya Kalunde ilisita. Hakuinuka. "Dada. Usisimame."

"Sisimami. Umekonda." Na alipokwisha kusema hivyo alikuwa ameshapita.

Ikambidi aende mpaka mwisho, ageuke, arudi. Alipokaribia, Kalunde alikuwa ameshaandaa jibu.

"Nawe umenenepa. Kwenu mnakula magogo?"

"Tunakula fungu lako, maana mwenyewe hukuja kulichukua."

Akapita. Akageuka. "Mguu wako bado?" Kalunde akauliza.

"Upo. Mmoja unauma, wa pili unausindikiza."

Kalunde akacheka kwa mkono mdomoni, kama alivyocheka alipokuwa msichana. Sauti ya kicheko ilipita kwenye milango yote, na wale wazee wakageuza vichwa taratibu, kama watu waliosikia jina la mtu wanayemjua. Yule mlinzi akainama kutoa kijiwe kwenye kiatu chake, akakitafuta kwa muda mrefu sana, ingawa alikuwa amevaa kandambili.

Walizungumza hivyo kwa siku nyingi, vipande vipande, kila neno kwa mwendo wake. Mmoja akitania, jibu lilingoja Nyamizi afike mwisho wa mtaa na kurudi. Nyamizi alijifunza kufupisha maneno. Mengine aliyaacha kabisa, maana hayakustahili safari.

Siku moja alikusanya moyo akasema alilojia. "Twende nyumbani, Kalunde."

Akapita. Njia ile ya kwenda na kurudi ilikuwa ndefu kuliko safari yote aliyotoka nayo kwao. Aliporudi, Kalunde alikuwa ameinamisha kichwa juu ya ungo.

"Siwezi, dada."

Mpaka mwisho, na kurudi tena. "Kwa nini?"

Mpaka mwisho, na kurudi. "Kwa ajili ya Sengo."

Nyamizi akapita. Sengo alikuwa mtoto wa pekee wa Kalunde, aliyekufa mdogo. Nyamizi hakuwahi kumwona. Aliporudi, Kalunde alisema kwa haraka, akipima maneno na hatua za dada yake.

"Aliharisha. Mganga wa wakati ule alisema mtoto anayeharisha asinywe maji. Alikisia. Nchi nzima ikamwamini."

Na mzunguko uliofuata: "Alinililia maji, dada, mpaka sauti ikaisha."

Na uliofuata: "Hawa wa kokoto wakaja baadaye, wakalinganisha. Wakaona waliopewa maji walipona. Sasa hakuna mtoto anayenyimwa maji Yakini."

Nyamizi alikuwa anatembea na machozi yakimtoka bila kuyafuta, kwa kuwa kufuta kungemchelewesha. Kalunde akamalizia: "Wakati ule kulikuwa na mama wa kokoto nyeusi aliyekubali kuonyesha tofauti, ili ijulikane. Sasa ni zamu yangu. Nikiondoka, hawatajua."

Siku hiyo Nyamizi hakurudi tena. Alikaa langoni karibu na Bi Tunu, ambaye alimpa uji bila kumuuliza kitu, na wakaitazama michembe ikikauka.

Kulikuwa na mtu mwingine aliyeingia mtaa ule, muulizaji mwenyewe, Bwana Masalu. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye kofia ya ukindu na sauti ya taratibu. Nyamizi alimwona mara nyingi akiwa katika kupita kwake. Alisimama mlangoni kama sheria ilivyotaka, akauliza kama sheria ilivyotaka, wala hakuongeza neno. Ila aliuliza polepole kama mtu anayesoma dua. Na alipokwisha kufika nyumba ya tatu mbele, alijipiga paji la uso, akarudi kwa Kalunde. "Niwie radhi, Bi Kalunde, nimesahau jibu lako. Ulisema kiasi au kidogo?" Siku ya Masalu kuja, wazee wa mtaa ule walikuwa wakichana nywele tangu alfajiri. Babu mmoja alivaa koti lake la harusi. Kalunde alijipaka mafuta miguuni.

Nyamizi aliyaona hayo, akamwombea Masalu dua kimyakimya, akaendelea kupita.

Baraza likakutana. Nchi nzima ilifika, isipokuwa wa ule mtaa wa kokoto nyeusi, maana kuja barazani kungekuwa kuchanganyika na watu. Profesa Rehani akasimama katikati.

"Tumelinganisha," akasema. "Waliotembelewa na wasiotembelewa, upweke wao ni sawasawa. Hakuna tofauti."

Manung'uniko yakapita barazani. Mzee mmoja wa mbele akasema, "Basi vigoda vyote vile ni hasara tupu."

"Watembeleaji warudi shambani," akadakia mwingine. "Tulikuwa tunakisia tena, kama babu zetu na mbuzi wao."

Wakaanza kukubaliana kwamba kutembeleana hakuna faida iliyothibitika, na kwamba mtu mwenye akili asipoteze muda wake. Mama mmoja akauliza kama sheria hiyo ihusu na watoto kuwatembelea wazazi. Akaambiwa hilo litahitaji mitaa mingine miwili. Nyamizi, aliyekaa nyuma kwenye benchi la wageni, akainua mkono. Akapewa ruhusa.

"Mimi ni mgeni, na sikusoma," akasema. "Lakini nimewasikia. Mnasema kutembelewa hakufai kitu."

"Hakujaonekana kufaa, mama," Profesa akamrekebisha kwa upole.

"Haya, hakujaonekana. Basi kama hakufai kitu, hakudhuru kitu. Kazi yenu imekwisha. Niacheni nikakae na mdogo wangu. Nikakae naye bure."

Watu wakacheka, si kwa dharau. Profesa mwenyewe akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Nyamizi amjue, akaanza kuinua mkono wa kuruhusu. Na pengine hadithi ingeishia hapo kwa furaha, lau Daktari Mashimba asingekohoa.

Daktari Mashimba alikuwa bibi mfupi mwenye miwani, mpinzani wa Profesa katika kila jambo tangu ujana wao. Watu walisema wangeweza kuoana, kama wangekubaliana ni kwa nini.

"Huu mtaa mweusi," akasema, "haukukaa peke yake. Uliulizwa."

"Kuulizwa si kutembelewa," Profesa akajibu.

"Umejuaje?"

Katika nchi ile hakuna neno zito kuliko hilo. Daktari Mashimba akamwita Masalu, naye akaja mbele, amevua kofia.

"Bwana Masalu, mlangoni mwa mtu unakaa kiasi gani?"

"Kiasi cha maswali, Daktari."

"Na maswali yakiisha?"

Masalu alitazama kofia yake. "Nasahau jibu moja. Narudi."

"Unasahau kila nyumba?"

"Kila nyumba, Daktari. Sina kichwa kizuri."

Hakuna aliyecheka. Wengi waliinamisha macho, na Nyamizi aliona kwamba walikuwa wameelewa. Kwa kitambo kidogo alitumaini. Alidhani sasa atasimama mtu aseme: basi ona, kumbe hata kuulizwa tu kumewafaa wale wazee, sembuse kukaa nao, twendeni tukawaone. Moyo wake ulishasimama mbele ya mlango wa Kalunde.

Lakini Profesa Rehani alimgeukia Daktari Mashimba, na uso wake ulikuwa uking'aa kwa shukrani. "Umeona sahihi," akasema. "Hatujajua chochote. Tunahitaji mtaa usiotembelewa wala kuulizwa."

"Wala kuangaliwa," Mashimba akaongeza. "Mlinzi naye aondoke. Jicho la mlinzi ni mgeni pia."

Chungu kikaletwa. Nyamizi alisikia kokoto zikigongana ndani yake. Mkono wa mtu ukaingia kwa niaba ya wasiokuwapo, ukatoka, na mtaa wa Kalunde ukapata nyeusi tena. Ikaamuliwa kwamba kuanzia hapo mtu yeyote wa Yakini asiingie mtaa ule, asiulize habari zake, wala asiutazame, mpaka wakati utakapofika wa kutazama. Walikubaliana wote, na wakatoka wakipeana mikono.

Profesa alimfuata Nyamizi nje. "Samahani, mama. Safari hii tutajua kweli."

Nyamizi alimtazama kifua, pale kifungo kilipokosekana. Akachomoa sindano aliyokuwa amechomeka kwenye upindo wa khanga, na uzi wake, akakata kifungo kimoja cha blauzi yake mwenyewe, akakishona pale pale nje huku Profesa amesimama kama mtoto. Alipomaliza alikata uzi kwa meno, akaenda zake.

Langoni Bi Tunu alikuwa ameshasikia. Michembe ilikuwa imerudishwa kirobani, imekauka vizuri, haikupungua hata kipande.

"Sasa unarudi kwenu, mama?"

"Kwetu kuna kuku tu, nao nimewaacha kwa jirani."

Bi Tunu akamkabidhi kiroba. Sheria ilisema zawadi isiingie mjini, naye alikuwa bawabu mwaminifu. Kwa hiyo aligeuka, akaanza kufagia upande wa nje wa lango, akafagia mpaka barabarani, akiwa amempa mgongo.

Nyamizi akaenda na kiroba chake mpaka mwanzo wa mtaa ule. Mlinzi hakuwapo. Hapakuwa na mtu yeyote. Watu waliopita barabara kubwa walipita wamegeuza shingo upande mwingine, kama wapitavyo makaburini, na Nyamizi akafahamu kwamba hakuna jicho la nchi ile lililobaki kumwona. Wazee walikuwa kwenye vizingiti vyao. Yule babu alikuwa amevaa koti la harusi, maana ilikuwa siku ya Masalu, na bado hakuwa ameambiwa. Nani angeingia kumwambia?

Alikwenda mpaka mlango wa mwisho, akasimama. Tangu afike Yakini ndiyo mara ya kwanza kusimama mbele ya mdogo wake.

"Usisimame, dada," Kalunde akasema.

"Hakuna anayetazama."

"Najua. Nimeona mlinzi anaondoka." Kalunde alikuwa ameshika nguzo ya mlango kwa mkono mmoja. "Ndiyo maana siwezi kukukaribisha. Wameniamini mpaka wameacha kunichunga. Nikikukaribisha nitakuwa nimewadanganya, nao watamwambia mtu uongo, na huyo mtu atanyimwa kitu. Kama mwanangu."

Nyamizi hakubishana. Aliweka kiroba chini, maana mkono ulikuwa umechoka. Aliona kwamba mdogo wake ana haki, na hilo ndilo lililokuwa gumu, kwamba hapakuwa na mtu wa kugombana naye nchi nzima. Alisimama tu, mama mzee kwenye vumbi la mtaa wa watu, mbali na kwao, na kwao kwenyewe hakuna mtu.

Kalunde alimtazama kwa muda mrefu. Alimtazama miguu iliyopasuka, na upindo wa khanga uliofumuka, na blauzi iliyokosa kifungo. Kisha, kwa sauti ya taratibu, kama mtu anayesoma dua, akamuuliza.

"Dada. Wiki hii umejisikia mpweke? Kabisa, kiasi, kidogo, au hapana?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza Nyamizi. Watoto hawakuuliza, majirani hawakuuliza, kuku hawajui kuuliza. Alifungua kinywa aseme *kidogo*, kama tusemavyo sote, lakini neno lililotoka lilikuwa lingine.

"Kabisa," akasema. "Si wiki hii tu."

Kalunde akaachia nguzo. "Mimi nimekatazwa kutembelewa," akasema polepole, akilipima kila neno kama alivyozoea. "Nami sitatembelewa. Lakini wewe hukutoa kokoto yoyote. Wewe ni mtu mpweke amesimama mlangoni kwangu. Sikuapa kumwacha mtu nje." Akasogea pembeni. "Ingia. Si wewe unayenitazama mimi. Ni mimi ninayekutazama wewe."

Nyamizi akavua kandambili.

Waliichemsha michembe, ikalainika, ikatoa ule mvuke mtamu, na harufu ikatoka nje, ikapita mlango kwa mlango. Kalunde alisimama kizingitini, akamwita yule babu wa koti la harusi. Akamuuliza kwa sauti kubwa kama wiki hii amejisikia mpweke. Babu akajibu. Akamuuliza na wa nyumba ya pili, naye akajibu, na wa tatu. Hakuna jibu lililotofautiana na la Nyamizi. Basi wakaja, kila mmoja mtu mpweke mlangoni, wakileta vigoda vyao wenyewe.

Nje, kwenye barabara kubwa, Bwana Masalu alikuwa anapita, hana kazi tena. Shingo yake ilikuwa imegeuzwa upande mwingine kama sheria ilivyotaka. Alipofika mwanzo wa mtaa, bila kutazama, alivua kofia yake, akaipunga hewani, akaivaa, akaenda zake.

Mpaka leo Yakini hawajajua kama mtu akikaa na mwenziwe hupona. Profesa anasubiri. Kanzu yake ina kifungo kimoja kisichofanana na vingine, na akiwaza huwa anakishika. Huo ndio mwisho. Aliyelala mwamsheni, na mkimwamsha, msisahau kumuuliza ameamkaje.